Maktaba ya Butembo Bila Sumu Wala Jenereta

Swali: Mwalimu, kusoma kwenye tableti si bora kwa mazingira kuliko karatasi?

Jibu: Si lazima. Karatasi nyingi hutufikia kwa malori kutoka Mombasa hadi mpakani Kasindi, na safari hiyo hula mafuta. Lakini betri ya tableti ina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa nchini mwetu Kongo, upande wa Kolwezi. Soma kwa simu uliyo nayo. Kitabu kilichokwisha kuchapwa, kizungushe kwa wasomaji wengi.

Swali: Vitabu vya shule yetu vinaota kuvu. Tupulize dawa gani?

Jibu: Msipulize. Sumu hubaki kwenye kurasa, na mtoto anayelamba kidole ili kufunua ukurasa ataila. Adui wenu ni unyevu, na Butembo tunao kwa wingi: tuko karibu na ikweta, juu milimani, na mvua hutujia mara mbili kwa mwaka. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65. Rafu ikae mbali na ukuta, upana wa kiganja, wala isiguse sakafu. Vitabu visibanwe. Fungueni madirisha hewa inapokuwa kavu, mfunge mvua ikija. Kilicholowa kisimamisheni kivulini penye upepo, kurasa zikiwa zimeachana. Kikikauka, kipanguseni nje kwa brashi laini, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Juani kamwe: karatasi hugeuka njano na kukatika.

Swali: Na vilivyochanika?

Jibu: Sindano, uzi, na gundi ya unga wa ngano uliopikwa. Selotepu huacha doa lisilotoka.

Swali: Chuoni kila mwanafunzi anapiga fotokopi ya silabi (maandishi ya kozi) ileile, tena mara nyingi kwa jenereta. Kuna njia nyingine?

Jibu: Ipo. Wanaopanda darasa wawaachie silabi wadogo zao, maktaba itunze nakala chache. Kwa marejeo, Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007, hufungua Wikipedia ya Kifaransa au Kiswahili bila intaneti. Kompyuta ndogo inayowashwa kwa paneli ya sola huwahudumia wasomaji kadhaa pamoja.

Swali: Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanataka kututumia kontena la vitabu. Tukubali?

Jibu: Ombeni orodha kwanza. Kitabu cha sheria za Ubelgiji cha zamani kitavuka bahari kije kuliwa na mchwa hapa. Waambieni, kwa upendo, watume nauli ya kontena hilo; nunueni vilivyochapwa Kinshasa, Kampala au Nairobi, vile ambavyo watoto wenu wameshaviulizia.