Kabla ya kuuza kibanja ili mtoto akasome MBA nje

Hivi karibuni baada ya swala ya Isha hapa Izigo, alinifuata mzee mmoja wa msikiti wetu akiwa na karatasi mkononi. Ilikuwa barua ya kijana wake kukubaliwa kusoma MBA nchini Uingereza. Nikampa hongera, lakini mzee hakuwa na uso wa hongera. Akaniuliza: "Mwalimu, nikiuza kipande cha kibanja nimsomeshe, nitakuwa nimekosea?"

Kwa asiyeijua Kagera, kibanja si shamba tu. Ndani yake mna migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee. Ukishakiuza, hakirudi. Naamini wapo wazazi Dar es Salaam, Tanga na Mwanza wenye swali hilo hilo, ila kwao ni kiwanja au nyumba ya urithi. Hivyo nimeona tulijadili kama somo.

Elimu ipi, na kwa nani?

Yapo maneno maarufu mimbarini ya kutafuta elimu hata China. Wanazuoni wa hadithi wameyahesabu kuwa dhaifu, hivyo tusiyafanye hoja ya kuuza mali. Kilichothibiti ni fadhila za elimu yenye manufaa, na manufaa hayana nchi maalumu. Basi kipimo chetu kiwe manufaa, si umbali wa ndege.

Jambo la kwanza ni kujua shahada yenyewe. Wengi wetu husema MBA tukimaanisha kila shahada ya uzamili ya biashara. MBA ilikusudiwa mtu aliyekwisha kufanya kazi, na vyuo vingi vyenye sifa hudai uzoefu wa miaka kadhaa. Sababu ni kwamba darasani watu hujadili yale waliyoyakuta kazini. Aliyehitimu juzi atalipa ada ile ile, kisha atabaki kuwasikiliza wenzake. Huyo afadhali asome uzamili wa fani moja, kama fedha, uhasibu au ugavi, au aanze kazi kwanza.

Jambo la pili ni chuo. Barua ya kukubaliwa si ushahidi wa ubora, maana vipo vyuo vinavyomkubali kila mwenye ada. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ndiyo inayotambua shahada za nje, hivyo aulizwe TCU kabla ya kulipa, si baada ya kurudi. Kwa shule za biashara zipo pia ithibati za kimataifa: AACSB, AMBA na EQUIS. Wakala anayekuharakisha ulipe wiki hii, huku akikwepa maswali hayo, mwogope.

Nje ni wapi?

Tukisikia nje, mawazo hukimbilia Ulaya. Lakini kwa mtu wa Kagera, Kampala kupitia Mutukula ni karibu kuliko Dar es Salaam. Uganda kuna shule ya biashara ya Makerere, na kipo Chuo Kikuu cha Kiislamu (IUIU) kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988.

Anayetaka fedha za Kiislamu aitazame Malaysia, ambayo ilitunga sheria ya benki za Kiislamu mwaka 1983. Mwaka huo huo ndipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilipoanzishwa huko. Mwaka 2005 Benki Kuu yao ikaanzisha INCEIF, chuo mahususi kwa fani hiyo. Na elimu hiyo si pambo kwetu, kwani Amana Bank ilianza kazi Tanzania mwaka 2011, na Uganda ilirekebisha sheria mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu.

Uingereza nayo ina vyuo vizuri. Ila tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kwenda na mke, mume wala watoto. Mwenye familia changa aliweke hilo kwenye mizani. Usalama nao si wa kupuuzwa: vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, vijana wetu wengi waliokuwa wakisoma Sudan walilazimika kuacha masomo na kurudishwa nyumbani.

Pesa itoke wapi?

Qur'an katika Suratul Baqara, aya ya 275, imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Itakuwa ajabu kuisomea biashara kwa mkopo wa riba. Lipo pia deni la aibu, pale mzazi anapouza kila kitu na kijana kushindwa kurudi kwa sababu hajapata cha kurudi nacho. Kabla ya hayo tugonge milango ya ufadhili. Chevening, kwa mfano, hulipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, lakini humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na arudi kwao kwa angalau miaka miwili.

Atarudi na nini?

Swali hili ndilo wengi tunalisahau. Hapa Kagera tuna butura: mlanguzi humlipa mkulima mwenye shida pesa kidogo kahawa ikiwa bado maua mtini, kisha huja kuchukua mavuno. Serikali imeipiga vita miaka mingi, lakini shida ya mkulima haipigwi marufuku. Mtume (saw) alikataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuiva. Lakini alipowakuta watu wa Madina wakilipana kabla ya mavuno, aliwawekea utaratibu wa salam: bei ilipwe yote, kipimo kijulikane, muda ujulikane, wala mali isifungwe kwenye mti fulani. Nani ataiandika mikataba hiyo kwa lugha ya benki na ya chama cha msingi? Huyo ndiye msomi tunayemhitaji.

Nilimwambia mzee: kuuza mali yako si haramu, ila usiuze kwa ajili ya jina la shahada. Kijana ana uzoefu wa mwaka mmoja tu. Na afanye kazi, aombe ufadhili, akiulize chuo kuhusu kuahirisha nafasi, aulize TCU. Kisha muitane ndugu wote wenye haki katika kibanja mshauriane, na kijana mwenyewe aswali istikhara. Istikhara haifuti kuuliza, bali huja pamoja nako.

Kibanja hakijauzwa mpaka leo. Kijana alinipigia simu, na hakuficha kwamba nimemwudhi. Nilimjibu kwamba barua ya chuo inaweza kuombwa tena mwakani. Makaburi ya babu zake yakishauzwa, hayaombwi tena. Alinyamaza, kisha akaniuliza fomu za ufadhili hutoka mwezi gani.

Wabillahi tawfiq.