Tabia Inapokuwa Ugonjwa

Huenda jirani yako leo anakuita dada, kesho anakutukana. Ukimwacha kidogo, anajikata mkono kwa wembe. Usiseme anajidai. Hiyo yaweza kuwa aina moja ya ugonjwa wa haiba. Huanza ujanani na kudumu miaka; aliyebadilika ghafla baada ya vita ana shida nyingine.

Hakuna kidonge wala sindano ya kuuponya. Dawa yake ni mazungumzo, kila wiki, hata mwaka mzima. Bibi Marsha Linehan wa Marekani, aliyebuni njia mojawapo ya mazungumzo hayo, alieleza mwaka 2011 kwamba naye alipokuwa msichana alijikata hivyo. Wengi hupata nafuu. Kumfunga kamba (tumeona!) humzidishia.

Akisema atajiua, usimwache peke yake. Mpeleke zahanati, hata usiku.