Mkono, Kazi, Sahani: Mafunzo Niliyopata Baada ya Mpox

Mimi ni mshonaji, mzaliwa wa Masisi. Mpox ilinikuta mwaka 2024 huko Bulengo, kambi iliyo magharibi ya Goma, ambako wengi wetu tulitua vita vilipotutoa vijijini. Ugonjwa wenyewe si mgeni nchini kwetu Kongo: binadamu wa kwanza kutambuliwa kuwa nao, mwaka 1970, alikuwa mtoto mchanga wa mkoa wa Équateur. Ila aina iliyotufikia sisi ilikuwa mpya, ile iliyoonekana mjini Kamituga mwaka 2023, na inayopita kwa wepesi kutoka mtu hadi mtu. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura ya kimataifa, huku kambini tayari tulikuwa tunaugua. Homa, vipele, tezi zilizovimba shingoni na kinenani, hayo yameelezwa sana. Kurudi kati ya watu ukishapona hakuelezwi.

1. Muuguzi na jirani hawasomi ngozi kwa namna moja.

Muuguzi huangalia vigaga. Vikianguka vyote na ngozi mpya ikaota chini yake, anakwambia huambukizi tena, nenda nyumbani. Jirani anaona madoa mikononi na usoni, naye kwake doa ni ugonjwa. Siwezi kumlaumu. Mahema yetu yalisongamana hivi kwamba ulimsikia wa hema la pili akijigeuza usiku, na maji ya kunawa yalikuwa ya kupangia foleni. Karatasi ya kuruhusiwa niliyopewa, nani angeisoma? Kilichonisaidia ni reko, yule mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wetu. Nilimwomba aje tuketi nje ya hema langu, pale njia inapopita, tunywe chai tuongee mambo yetu. Alikaa sana, akacheka kwa sauti kama kawaida yake. Waliopita waliona, na habari ikatembea yenyewe.

2. Nguvu hurudi baada ya ngozi.

Kwetu aliyetoka kitandani ni mzima, na mzima huchota maji. Ukisema umechoka, wanasema unajidekeza. Aliyenielewa alikuwa mtoto wa mjomba wangu aliyeko Ubelgiji. Yeye aliugua homa ya tezi, mononikleozi, akiwa mwanafunzi wa chuo. Kirusi chake, Epstein-Barr, kiligunduliwa mwaka 1964 ndani ya uvimbe wa taya uliotoka kwa watoto wa Uganda, jambo ambalo wazungu wengi wanaougua hawalijui. Huku kwetu karibu kila mtu hukipata utotoni bila kujitambua; Ulaya wengi hukutana nacho wakiwa vijana, kikawalaza. Binamu yangu alikatazwa mpira kwa muda kwa sababu wengu lilikuwa limevimba, na uchovu ulimfuata miezi kadhaa baada ya homa kuisha.

Magonjwa yetu ni mawili tofauti, lakini neno aliloniambia kwa simu lilinifaa: kuongea na watu nako kunakula nguvu kama kulima. Basi kanisani nilikaa karibu na mlango, nikaondoka baada ya mahubiri, kabla ya matangazo yasiyoisha. Mzigo wa kuni wa kamba ya kwenye paji la uso niliuacha kwa dada zangu mpaka mgongo wenyewe uliponiambia sasa.

3. Tanguliza kazi, salamu ya mkono ije baadaye.

Ukimnyooshea mtu mkono unamlazimisha achague hapohapo, mbele za watu: aushike kwa hofu, au akuaibishe. Kazi haina haraka hiyo. Lakini yangu ni ya kugusa miili. Mkanda wa kupimia unazunguka kifua, kiuno, mkono. Na ni ya vitambaa, na kila mtu kambini alikuwa amesikia kwamba mpox hukaa kwenye nguo na matandiko ya mgonjwa. Yangu yalifuliwa tangu mwanzo kwa maji ya moto na kuanikwa juani, na cherehani niliifuta hadharani kwa maji ya klore.

Kisha nikawaambia wateja: msije kupimwa, leteni gauni la zamani linalowakaa vizuri. Likaja la kwanza, ndani ya mfuko wa plastiki, limeshikwa kwa ncha za vidole. Nikakata kitenge kwa kulifuata, jipya likashonwa, likavaliwa Jumapili. Baada ya hapo wanawake walianza kuja wenyewe, na mmoja akaniambia, «Mama mshonaji, hili la mkono umelibana, hebu pima vizuri.» Nikachukua mkanda.

4. Wapo waliopita njia hii kabla yetu, tena kwa ugonjwa mbaya zaidi.

Wifi yangu kaolewa Pinga, wilayani Walikale. Ebola ilifika huko Agosti 2019, katika ule mlipuko uliotangazwa mwaka 2018 upande wa Beni na kumalizika Juni 2020. Ndiye aliyenikumbusha habari za waliopona, wale walioitwa washindi. Huko Beni na Butembo wanawake waliopona walipewa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Watu waliokuwa wanakimbiwa jana wakawa ndio wanaoweza kumbeba mtoto bila hofu. Mimi sikulea mtoto wa mtu, lakini chanjo ya mpox ilipoanza Goma Oktoba 2024, wenye wasiwasi walikuja kuniuliza ugonjwa wenyewe ukoje. Niliwaonyesha mikono yangu. Madoa yale yale yaliyowafukuza yakawa sababu ya kunijia.

5. Mtoto ajibiwe.

Watu wazima hunong'ona, mtoto huuliza: «Mama, bado unavyo vipele?» Mwanangu aliuliza kila asubuhi. Nilimpa mkono akague mwenyewe.

6. Kilio hakisubiri upone.

Hapa ndipo pagumu. Msibani kwetu mkono hutolewa, watu huketi chini wamebanana, na asiyekwenda hukumbukwa. Nilikwenda. Niliacha kupika, maana hakuna anayetaka kula kwa mashaka siku ya msiba, nikakaa na wanakwaya. Kuimba hakuhitaji kushikana. Mwenye msiba aliniona na kunisikia, mchango wangu nikaupitisha kwa kiongozi wa likelemba yetu, kile chama chetu cha kuchangiana, yatosha. Wapo waliosema ningebaki hemani. Sikubaliani nao: aliyepona akijificha kilioni, atajificha na sokoni.

7. Sahani ije mwisho.

Bugali na sombe huliwa sahani moja, vidole vya wote humo. Kambini nilijitengea yangu hata baada ya kuruhusiwa, kwa hiari yangu, ili wenzangu wale kwa raha. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, na Februari kambi zikavunjwa. Tukakunja maturubai tukapanda barabara ya Sake na Mushaki kurudi Masisi. Nyumbani hakuna aliyeniona nikiugua, na madoa yalikuwa yameanza kufifia. Ningeweza kunyamaza. Nilimweleza mamkwe kabla ya mlo wa kwanza, kwa sababu habari kama hiyo ikimfikia kupitia kwa jirani inakuwa kesi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasogeza sahani. «Mkwe wangu, vita hivi vyote tumevikimbia, nikukimbie na wewe? Kula.»

8. Si kila mtu atarudi, na wengine wana haki.

Kuna mwanamke wa hapa kijijini ambaye tangu aliposikia habari zangu hanipi mkono. Ana mtoto mchanga, na mpox huwaumiza wachanga kuliko watu wazima. Nilimweleza mara moja kwamba siambukizi, sikurudia. Tunasalimiana kutoka ng'ambo ya njia, vizuri tu, tukiulizana habari za shamba. Sare za shule za wanawe wakubwa huwa anamtuma binti yake aniletee zile za mwaka jana. Ninaongeza urefu kidogo, na bei anayolipa ni ile ya wote.