Kuchagua Kompyuta Mpakato Ndogo ya Kuandikia

Kila likizo inapokaribia naulizwa swali lilelile: "Mwalimu, nina fedha kidogo, nataka kompyuta ndogo ya kuandikia na kuingia mtandaoni. Ninunue ipi?" Safari hii nimeona nijibu kwa maandishi, maana majibu yangu ya njiani huwa mafupi, na muulizaji huishia kununua ile iliyomvutia kwa rangi.

Nianze na kisa. Frateri mmoja alichangiwa fedha na shangazi zake, akanunua mashine mpya ya inchi 11, nyepesi, isiyo na feni wala kelele. Kwa miezi saba haikumpa shida. Wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu ikaanza kujisasisha, ikakwama katikati, haikuwaka tena. Hakikuwa kirusi, wala haukuwa umeme. Hifadhi yake ilikuwa GB 32 tu, na Windows pamoja na masasisho yake ilikuwa imeijaza yote. Tuliiwasha kwa flashi yenye Linux tukaokoa sura tatu. Ya nne, aliyoifanyia kazi jioni ile, ilibidi aiandike upya. Kwa hiyo nikifika kwenye habari za GB, tafadhali usiruke aya.

Mashine hizi ndogo zilivuma tangu mwishoni mwa 2007, kampuni ya Asus ya Taiwan ilipotoa Eee PC 701: skrini ya inchi 7, hifadhi ya GB 4, RAM ya MB 512, uzito chini ya kilo moja. Wakati huohuo mradi wa One Laptop per Child ulikuwa ukitengeneza XO, kompyuta ya watoto wa shule ambayo skrini yake ilisomeka hata juani. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizoichukua kwa wingi. Baadaye zikaja za inchi 10. Kisha iPad ikatoka mwaka 2010, watu wakahamia huko, na kufikia mwisho wa 2012 Asus na Acer walikuwa wameacha kuzitengeneza. Ninayo moja kabatini na bado naipenda, lakini ukiuziwa leo kwa bei ya kutupa, iache. RAM ya GB 1 haibebi kivinjari cha sasa, na skrini yenye kimo cha nukta 600, ukishaondoa safu za vitufe vya programu, inakubakizia aya moja na nusu ya kusoma.

Ndogo ya leo, basi, ni ya inchi 11.6 hadi 12.5. Hapo ndipo ukubwa unapokutana na vidole. Kwenye kibodi ya kawaida, kutoka katikati ya kitufe kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni kama milimita 19. Mashine ya inchi 11.6 ina upana wa kutosha kukupa kipimo hicho au karibu yake. Ya inchi 10 inabana, na ya inchi 7 ni ya vidole vya mtoto. Usikubali kupima kibodi kwa kubonyeza herufi mbili dukani. Fungua ukurasa mtupu uandike aya nzima, kwa kasi yako ya kawaida, ukisimama kaunta pale pale. Muuzaji akinuna, mwache anune. Wewe utaigonga kibodi hiyo maelfu ya mara kwa siku.

Tena angalia herufi zenyewe. Mashine nyingi zilizotumika hutoka Ulaya. Ya Ujerumani ina Y na Z zilizobadilishana mahali. Ya Ufaransa inaanza na A mahali pa Q. Kwa Kiingereza Z ni herufi ya mara chache, lakini kwa Kiswahili, lugha ya "ya" na "za", utaandika "yawadi yangu" ukidhani umeandika "zawadi zangu". Mpangilio unaweza kuubadilisha ndani ya mfumo kwa dakika moja, ila maandishi juu ya vitufe yatabaki ya Kijerumani. Anayeandika bila kutazama vidole hana hasara, anayetazama atateseka.

Sasa GB. Wauzaji huimba prosesa kwanza, na kwa kazi yetu prosesa ndiyo ya mwisho kwa umuhimu. Celeron N4020 ya mwaka 2019, yenye viini viwili tu, inatosha kuandika, ingawa kurasa nzito za mtandao zitaisumbua. Intel N100 ya 2023, yenye viini vinne, inakupa nafasi ya kupumua bila kula betri. Kinachokuua ni RAM na hifadhi. RAM ya GB 4 ndiyo sakafu: faili moja la maandishi na kurasa tano za mtandao, basi. GB 8 ni raha. Hifadhi iwe GB 64 kwa uchache ukitumia Windows, maana Microsoft wenyewe wameweka GB 64 na RAM ya GB 4 kuwa kiwango cha chini cha Windows 11, na kiwango cha chini maana yake ni kwamba itawaka, siyo kwamba itakwenda. Mimi nasema GB 128.

Uliza pia aina ya hifadhi. Mashine nyingi za bei ya chini hutumia eMMC, ambayo imechomelewa kwenye ubao mkuu. Ikijaa huwezi kuiongeza, na ikifa inakufa na ubao. Zenye SSD ya kuchomoka humruhusu fundi kuweka kubwa zaidi mwakani, fedha ikipatikana. Mara nyingi RAM nayo imechomelewa. Ndiyo maana, kwa fedha ileile, mimi hupendelea mashine ya ofisini iliyotumika kuliko mpya ya kiwango cha chini kabisa. Chukua ThinkPad X230 ya mwaka 2012: skrini ya inchi 12.5, kibodi imara, nafasi mbili za RAM, diski ya kubadilishwa kwa bisibisi moja, betri ya kuchomoa kwa mkono. Uzito wake na betri kubwa ni karibu kilo moja na nusu, nao ndio udhaifu wake, kwa anayepanda daladala na begi la vitabu.

Udhaifu mwingine ni kwamba haistahili rasmi kuwekewa Windows 11, na Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya umri huo ninaiwekea Linux, mfano Linux Mint yenye Xfce, pamoja na LibreOffice. Ni bure, na LibreOffice ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili, hivyo ukurasa wako hautajaa mistari myekundu kana kwamba hujui lugha yako. Anayetakiwa kukabidhi kazi kwa Word ahifadhi nakala katika muundo huo na kuifungua kwanza kwenye mashine ya rafiki, kwa sababu tanbihi na kurasa huweza kusogea.

Kuna njia ya tatu, Chromebook. Ni nyepesi, betri yake hudumu, na kwa kuandika na kusoma mtandaoni inafaa hasa. Ila ina mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Kila modeli ina tarehe ya mwisho ya kupokea masasisho, na tarehe hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotolewa, siyo tangu uliponunua wewe. Zilizotolewa kuanzia 2021 zimepewa miaka kumi. Za zamani nyingi zimeshapita. Tarehe inaonekana ndani ya mipangilio, itafute kabla ya kulipa. Pili, Chromebook nyingi zilizotumika zilikuwa mali ya shule za nje, na baadhi bado zimeandikishwa huko. Ukizifuta, zinaporudi mtandaoni zinadai akaunti ya ile shule. Dawa ni moja: muuzaji aifute mbele yako, iunge na intaneti ya simu yako, uingie kwa akaunti yako mwenyewe. Ikikataa, asante, kwaheri.

Betri ni hesabu ya darasa la tano. Uwezo wake huandikwa kwa Wh, na mashine ndogo ukiwa unaandika hula kama wati 6. Betri ya Wh 36 gawanya kwa 6, unapata saa 6. Lakini iliyotumika ikiwa imebakiza asilimia 60 ya uwezo wake, una Wh 21.6, yaani saa tatu na dakika 36. Kwenye Windows, amri ya powercfg /batteryreport hukuandikia uwezo wa kiwandani na uliobaki sasa. Kwa parokia ambako umeme hukatika mchana kutwa, tofauti hiyo ndiyo kununua au kutonunua. Yenye kuchaji kwa USB-C ina faida ya ziada: chaja ikifa, unaazima, ili mradi iwe na wati za kutosha, kama 45, chaja ndogo ya simu mara nyingi haitafaa.

Usisahau bando. Mashine mpya ikiunganishwa na simu yako hudhani imepata mto usiokauka na kuanza kuvuta masasisho. Katika mipangilio ya mtandao ieleze kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Masasisho makubwa uyafanye seminarini au mahali penye mtandao wa bure, chaja ikiwa imechomekwa.

Ukienda Kariakoo au kwa muuzaji yeyote wa vilivyotumika, nenda asubuhi, beba flashi, vipokea sauti na simu yenye bando. Zima mashine kabisa uiwashe mwenyewe, ingia kwenye mipangilio ya awali kabla ya Windows kuona kama haidai nenosiri la mwenye zamani, chomeka flashi kila tundu, fungua na kufunga kifuniko mara kumi ukitazama kama skrini inacheza. Kisha chomoa chaja, agiza chai, uandike nusu saa. Dai risiti yenye jina la duka, namba ya siri ya mashine na siku za dhamana, yote yakiwa kwa wino kabla hujahesabu noti.