Zahabu Haiozi, Lakini Jino Chini Yake Linaoza

Ndugu mutumikaji, na wewe mama wa nyumba,

Kuvaa zahabu kwenye meno si jambo la jana. Zaidi ya miaka 2.500 iliyopita, Waetruska katika inchi ya Italia walifunga meno yao kwa ukanda mwembamba wa zahabu. Hata hapa kwetu, jino la zahabu ao la feza linapendeza watu wengi. Hatuandiki hapa ili kukukataza. Tunataka kinywa chako kikae kizima, na uzuri huo usikuletee hatari kazini.

Zahabu haipati kutu. Kwa hiyo watu wengi wanajidanganya: wanaona inangaa, wanafikiri hakuna ubaya. Lakini jino lililo chini yake ni lile lile la siku zote. Chakula kikibaki pembeni yake, linaoza polepole bila wewe kuliona.

UJUE UNAVAA KITU GANI

Kuna namna mbili. Ya kwanza ni kofia ya jino ambayo munganga wa meno ameigandamisha kwa sementi ya meno. Hiyo haitoki. Ya pili ni kifuniko cha urembo, kinachovaliwa na kutolewa kama pete.

Zahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za zahabu safi katika sehemu 1.000, zinazobaki ni madini mengine, mara nyingi shaba na feza. Feza yenye alama 925 ina sehemu 925 za feza safi. Feza inageuka nyeusi kwa sababu inaungana na kiberiti kilicho katika hewa na katika vyakula kama mayai na vitunguu. Weusi huo si uozo, unaweza kutoka. Lakini kama kifuniko kinachoitwa cha zahabu kinatoa rangi ya kijani, ao ufizi unawasha na kuvimba, ukitoe na uende kumuonyesha munganga. Pengine ni madini mengine yaliyopakwa zahabu juu tu.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kama kofia yako haitoki: piga burosi asubuhi na usiku, kwa burosi laini na dawa ya meno yenye fluori. Kazi kubwa iko pale ambapo zahabu inagusana na ufizi. Pitisha pia uzi wa meno katikati ya jino hilo na majirani yake.

Kama kifuniko kinatoka:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha ukitoe. Usikivute kwa kisu wala kwa koleo.
2. Kioshe ndani na inje kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na burosi laini ambayo ni ya kazi hiyo tu. Fanya hivyo juu ya bakuli, kisipotee katika mufereji.
3. Kisuuze sana kwa maji safi, ukikaushe kwa kitambaa laini.
4. Kiweke katika kisanduku kidogo chenye matundu, mbali na watoto wadogo. Usikitie katika mufuko wa suruali.
5. Safisha meno yenyewe mbele ya kukirudisha.

Ukitoe wakati wa kula na wakati wa kulala. Kukivaa muchana na usiku ni kufungia uchafu juu ya jino.

Kwa feza safi iliyogeuka nyeusi, tandika karatasi ya aluminiumu ndani ya bakuli, weka kifuniko juu yake, tia kijiko kimoja cha bikaboneti ya jikoni, kisha mimina maji ya moto. Nyuma ya dakika chache weusi unapungua. Suuza vizuri sana. Usifanye hivi kama kuna mawe yaliyogandamishwa kwa gundi.

VITU VYA KUKATAA

Maji ya Javel yanaharibu feza na madini yaliyochanganywa na zahabu. Muchanga na majivu yanakwaruza. Dawa ya kungarisha vyombo vya madini ni sumu katika kinywa. Gundi ya dukani isitumiwe hata siku moja kugandamisha kifuniko kinacholegea: inaunguza ufizi na kufungia uozo ndani.

Tena, kama kuna ndugu katika jamaa anayetafuta zahabu kwa merkire (zebaki), usiache zahabu yako ikaribie dawa hiyo. Merkire inashika zahabu mara moja na kuigeuza nyeupe na zaifu. Usijaribu kuichoma moto ili kuisafisha: muvuke wake unaumiza ubongo, mapafu na figo, hata za watoto waliolala nyumbani.

MBELE YA KUANZA KAZI

Kifuniko kinachotoka kibaki nyumbani. Hakuna nafasi yake katika shimo. Gazi ao moshi ukitokea, chombo cha kuokoa pumzi kinashikwa kwa meno na midomo. Kifuniko kikisogea, hushiki vizuri, na hewa mbaya inapita pembeni. Na kama mutu anaanguka na kuzimia, kitu kidogo kilicho katika kinywa kinaweza kuziba njia ya pumzi mbele wenzake hawajafika.

Ninyi munaotumika karibu na matangi ya elektrolizi, mukumbuke kwamba muvuke wa aside unakula ngozi ngumu ya meno. Fuateni sheria ya maski, musuuze kinywa kwa maji safi mukimaliza kazi, na mungoje kama dakika 30 mbele ya kupiga burosi, kwa maana meno yangali laini.

ENDA HOSPITALI

Enda upesi kama kofia ya jino inalegea, jino linauma kwa maji baridi ao moto, ufizi unatoa damu ao usaha, ao kinywa kinanuka hata ukipiga burosi. Kama umemeza kifuniko, usijilazimishe kutapika. Kama ulikohoa sana na kifuniko hakionekani, enda siku ile ile hata kama kikohozi kimekwisha: pengine kimeingia katika mapafu, na munganga atakitafuta kwa picha ya radio.

Mama, umuulize bwana mbele hajatoka kwenda kazini: «Umekiacha?» Neno hilo moja linaweza kumuokoa.

Ungarishe zahabu, lakini kwanza ulinde jino na pumzi yako.