Kufundisha Ubovu wa Flashi kwa Daftari na Penseli

Mwalimu anayehifadhi alama za darasa lake katika flashi moja tu aweza kuzipoteza zote kwa siku moja. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kufundisha ubovu wa flashi katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, hata pasipo na kompyuta.

Maarifa ya mwalimu. Chipu ya flashi aina ya NAND, iliyotangazwa na kampuni ya Toshiba mwaka 1987, imegawanywa katika bloku nyingi, na kila bloku ina kurasa. Kuandika hufanyika ukurasa kwa ukurasa, bali kufuta hufanyika bloku nzima kwa pamoja, na kila ufutaji huichakaza kidogo. Baadhi ya bloku huwa mbovu tangu kiwandani. Nyingine huharibika katika matumizi. Kidhibiti kilichomo ndani ya flashi huorodhesha bloku mbovu na kutumia za akiba badala yake. Akiba ikiisha, faili huweza kukataa kusomeka, au flashi ikakataa kuandikwa.

Zana. Daftari, penseli na raba.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wagawe daftari katika mafungu ya kurasa 4. Waandike fungu moja, walifute lote, waandike tena, mpaka karatasi itoboke.

Hatua ya pili. Waandike juu ya jalada kwamba fungu hilo lisitumike, kisha wahamie fungu la akiba. Tuwaulize: je, maandishi ya jalada yameiponya karatasi? La. Vivyo hivyo, kufomati hakuiponyi bloku iliyochakaa.

Hatua ya tatu. Tuwafundishe utaratibu wa kukagua flashi yenye matatizo:
1. Acha kuandika chochote ndani yake.
2. Ijaribu katika tundu jingine au kompyuta nyingine, kwani huenda kosa si lake.
3. Nakili kila faili linalosomeka.
4. Ndipo uifomati, uijaze mafaili, uyasome na kuyalinganisha na ya asili. Yakitofautiana, flashi hiyo isitumike tena kwa kazi ya maana.

Kupima. Tuwaulize wanafunzi kwa nini kunakili hutangulia kufomati. Atakayejibu kwamba kufomati hupoteza njia ya kuyafikia mafaili, ilhali ubovu hubaki palepale, ameelewa. Mwalimu naye hana budi kuwa mfano: alama za darasa ziwe na nakala mbili, mahali pawili.