Kukumbuka Vita vya Zamani: Wenzetu wa Songea, na Sisi wa Nainokanoka



Somo letu la leo ni juu ya vita. Usiogope, hatuendi kupigana. Tunataka kujua jinsi watu wanavyokumbuka vita vya babu zao kwa ngoma, nyimbo na masimulizi. Tena tunataka kuona kazi gani inakungoja wewe uliyehitimu kisomo, maana ipo kazi.

Tuanze mbali, halafu turudi nyumbani.

Mji wa Songea uko kusini kabisa mwa nchi yetu, Mkoa wa Ruvuma. Kila mwaka mwishoni mwa Februari watu wa huko hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji. Siku kubwa ni tarehe 27. Tarehe hiyo, mwaka 1906, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni zaidi ya 60, kisha wakawazika katika kaburi moja. Kaburi hilo lipo mpaka leo. Hapo hapo pamejengwa jumba la makumbusho, na nje zimesimama sanamu za viongozi waliouawa.

Vita vyenyewe vilianzaje? Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba na kulipa kodi. Pale Ngarambe, upande wa Rufiji, alikuwepo mganga aitwaye Kinjikitile Ngwale. Aliwagawia watu maji ya dawa akasema risasi za Mjerumani zitageuka kuwa maji. Mwezi wa Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba shambani. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya vita. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mwezi uliofuata, lakini moto ulikuwa umekwisha washwa. Ukaenda kwa Wangindo, Wapogoro, Wamwera na wengine wengi, hata ukafika Ungoni mwezi wa Septemba.

Risasi hazikugeuka maji. Hilo kila mtu analijua. Lakini waliokufa kwa risasi siyo wengi kama waliokufa kwa njaa. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakaharibu mashamba. Hesabu za wataalamu zinatofautiana: wengine husema waliokufa ni 75,000, wengine husema ni 250,000 hadi 300,000. Vita viliisha mwaka 1907, na nchi ya kusini ilikaa muda mrefu ikiwa na mapori mahali palipokuwa na watu.

Basi, siku ya kumbukumbu inakuwaje? Viongozi wa serikali hufika. Wazee hufika na silaha za jadi, mkuki na ngao, na maua huwekwa kaburini. Baada ya heshima hizo huja ngoma. Utaona lizombe, ngoma ya Wangoni wenyewe. Watoto wa shule hupelekwa kutazama makumbusho. Na wazee husimulia.

Simulizi moja haikosekani. Ni ile ya Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake. Nduna ni kiongozi wa vita chini ya mfalme wa Wangoni. Inasimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai ili wamtumie. Yeye akakataa. Akasema wenzake wamekufa, naye afe. Akanyongwa siku chache baada ya wale wengine, ndiyo maana kaburi lake liko peke yake. Tena wazee huongeza jambo ambalo huwanyamazisha wasikilizaji: mwili ulizikwa bila kichwa. Inaaminiwa kwamba kichwa kilichukuliwa Ujerumani.

Sasa sikiliza. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea. Alikwenda pale kaburini, akakutana na watu wa ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa ukoloni. Miaka 117 ilikuwa imepita. Jiulize: kama watu wa Songea wangekuwa wamesahau, angekwenda kumwomba msamaha nani? Angeonyeshwa kaburi gani?

Hawakusahau kwa sababu walicheza na walisimulia. Lakini kuna sababu nyingine, nayo inatuhusu sisi wa kisomo.

Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini katika sehemu zilizopigana Maji Maji. Walikaa na wazee. Waliuliza, wakasikiliza, wakaandika. Piga hesabu: kutoka 1905 mpaka 1968 ni miaka 63. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa vita alikuwa sasa mzee wa miaka 78. Bado alikuwepo, na bado alikumbuka harufu ya maghala yakiungua. Kama wanafunzi wale wangechelewa miaka 20 tu, wangekuta makaburi. Mengi tunayoyajua leo juu ya vita hivyo kwa upande wa Mwafrika, tunayajua kwa sababu ya madaftari yale. Kabla ya hapo aliyeandika zaidi alikuwa Mjerumani, na Mjerumani aliandika ya kwake.

Turudi nyumbani sasa

Hapa kwetu Nainokanoka, chini ya Olmoti, ukungu ukishuka jioni na ng'ombe wakiwa wamekwisha ingia bomani, watoto huketi kwa koko. Wewe pia uliketi hapo. Ulisikia nini juu ya vita?

Bila shaka ulisikia habari za Mang'ati. Babu zetu walipofika katika nchi hii ya Ngorongoro, hawakukuta pori tupu. Waliwakuta Wadatoga wakichunga ng'ombe ndani ya Kreta. Wakapigana nao, wakawashinda, wakawasukuma kusini. Leo Wadatoga wako upande wa Ziwa Eyasi, Mbulu na Hanang. Na jina tunalowaita, Mang'ati, ni neno letu. Maana yake ni adui. Lakini siyo adui yeyote tu, ni adui ambaye unamheshimu kwa sababu anajua kupigana. Kumbe kila unapomwita mtu hivyo mnadani, unasimulia vita vile kwa neno moja!

Hata jina Ngorongoro lina hadithi zake. Wengine husema ni mlio wa kengele za ng'ombe: ngoro, ngoro. Wengine husema linatoka kwa morani walioshinda vita ile ya Kreta. Ipi ni kweli? Usiharakishe kuchagua. Andika zote mbili, na uandike kila moja umeisikia kwa nani.

Vita hivyo vilikuwa lini? Wazee wetu hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini wanayo kalenda ya marika. Ilterito, Ilnyangusi, Ilseuri, Ilmakaa, Ilandisi, Ilkorianga, Ilnyangulo: kila mmoja wetu anajua baba yake ni wa rika gani na babu yake ni wa rika gani. Kutoka rika moja hadi jingine ni kama miaka 15. Basi mzee akikuambia jambo fulani lilitokea marika 12 yaliyopita, zidisha: 12 mara 15 ni 180. Toa 180 katika 2025, unapata 1845. Siyo hesabu kamili, ni makadirio, lakini inakufikisha karibu. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi mkuu wa Ngorongoro miaka ya 1960, alitumia njia hiyo hiyo ya marika kupata miaka ya historia ya Wamaasai. Na kweli wanahistoria huviweka vita vya Kreta katikati ya miaka ya 1800 hivi.

Kwa hiyo hakuna mtu aliye hai aliyeviona. Hata baba wa babu yako pengine hakuviona. Tunachobakiwa nacho kimepita katika vinywa vinne au vitano. Kila mzee anapozikwa, kinywa kimoja kinafungwa. Tena siku hizi liko jambo jingine. Tangu mwezi wa Juni 2022 kaya nyingi za tarafa yetu zimehamia Msomera, Wilaya ya Handeni. Hapa hatuzungumzi kama ni vizuri au vibaya, somo letu siyo hilo. Lakini koko akibaki Nainokanoka na mjukuu akiwa Msomera, nani atamsikiliza nani jioni?

Ndiyo maana nasema daftari lako lina kazi.

Namna ya kuandika simulizi

Nenda kwa mzee wakati ambao hana haraka. Siyo wakati wa kunywesha mifugo. Mwambie kwa nini umekuja, umwombe ruhusa. Yapo mambo ambayo rika fulani haliambiwi, na yapo ambayo hayasemwi mbele ya kila mtu. Akisema hili usiandike, weka kalamu chini.

Juu ya ukurasa andika tarehe, mahali, jina la msimulizi, rika lake (kama ni mama, andika rika la mume wake), na yeye alisikia kwa nani. Hilo la mwisho watu wengi hulisahau, na ndilo la maana kuliko yote. Halafu andika anavyosema yeye. Akitumia neno la Kimaasai ambalo hulijui kwa Kiswahili, liandike hivyo hivyo la Kimaasai. Usimsahihishe. Ukiona amekosea, andika pembeni, "mzee fulani anasema vingine." Kama una simu yenye kurekodi sauti, irekodi, lakini usiitegemee peke yake. Simu huanguka majini. Daftari nalo huliwa na mchwa, kwa hiyo ziwe nakala mbili, katika nyumba mbili.

Ukimaliza, msomee. Utashangaa. Mzee asiyejua kusoma, akisikia maneno yake yanarudi kutoka kwenye karatasi, hukumbuka mengine ambayo hakuyasema mara ya kwanza.

Usiwasahau akina mama. Kati ya walionyongwa Songea anatajwa mwanamke mmoja kiongozi, Nkomanile, na ni yeye anayesemwa kuwa alisaidia kuileta dawa ya maji Ungoni. Miaka mingi habari zake zilisemwa kwa sauti ndogo tu. Kwetu nako wanaume hutaja nani alitupa mkuki wa kwanza, lakini ni koko anayejua siku hiyo watoto walifichwa wapi na walikula nini.

Na siku ya kukumbuka?

Je, na sisi tunaweza kuwa na siku yetu, ya kitongoji tu, kama ile ya Songea? Tunaweza. Hatuhitaji jukwaa. Ngoma za kupiga hatuna, muziki wetu ni koo zetu na pembe ya tandala, na hiyo inatosha kusikika ng'ambo ya bonde.

Lakini kuna tofauti kubwa, na hapa ndipo penye ugumu. Watu wa Songea wanakumbuka vita na Mjerumani, na Mjerumani alirudi kwao ng'ambo ya bahari. Sisi adui wa babu zetu ni jirani. Tunakutana naye mnadani. Pengine ng'ombe wako ametoka kwake, au binti wa ndugu yako ameolewa huko. Nyimbo zetu za ushindi, kwa masikio yake ni nyimbo za kufukuzwa.

Wengine watasema, basi tuziache nyimbo hizo. Mimi sikubali. Ukiufuta wimbo umefuta na historia. Wengine watasema, tuimbe tu, yeye asipopenda asije. Hilo nalo sikubali, maana siku ya kumbukumbu ikiwa ya kumcheka jirani, vijana wa pande zote mbili wataondoka pale na hasira, na fimbo wanazo.

Mimi ningewaalika. Wadatoga nao wana ya kusimulia. Wao ni watu wa kuheshimu wafu sana: mzee wao mkubwa akifa hujengewa kaburi la kichuguu, liitwalo bung'ed, na watu hukusanyika na kuimba kwa miezi kadhaa mpaka kazi iishe. Na kule ndani ya Kreta, upande wa msitu wa Lerai, pako mahali wanapopaheshimu kama makaburi ya wazee wao. Wakati sisi tunasimulia jinsi tulivyoingia, wao wanasimulia jinsi walivyotoka na waliowaacha nyuma. Hizo ni nusu mbili za hadithi moja. Sisi tunayo nusu yetu. Ile nyingine hatujawahi kuiomba.

Nani aanze kusimulia siku hiyo? Nadhani mgeni.

Kazi ya kikundi

Jadilini maswali haya, kisha kila mmoja aandike nusu ukurasa na kuuleta siku ya kukutana.

1. Ni nani katika kitongoji chenu anayejua habari za vita vya Kreta kuliko wengine? Ana umri gani? Nani atakwenda kwake wiki hii?

2. Baba yako ni wa rika gani? Hesabu marika kurudi nyuma mpaka yule wa mbali unayemjua kwa jina. Ni miaka mingapi?

3. Kama mzee wa Kidatoga angekaa kati yenu na kusikia nyimbo zenu, ni wimbo gani mngeona haya kuuimba? Mngemweleza nini kabla ya kuuimba?